Marmoti na kipepeo monaki

Mhariri, salamu toka Mikindani. Juzi barazani tulibishana nani anajua kuikwepa baridi, mi nikamtetea marmoti wa milima ya Alps, jamaa yake kindi ila mnene kama paka, anaziba shimo kwa udongo na majani kisha analala karibu miezi 6, moyo unapiga mara chache tu kwa dakika. Jirani yangu akang'ang'ania kipepeo monaki, huyu anatoka Kanada mpaka Meksiko, wengine karibu km 4,000, na bawa lenyewe ukiligusa unga unabaki vidoleni! Nimemkubali kipepeo, kwa sababu anasafiri mpaka kule Meksiko ambako hajawahi kufika kabla, wala mama yake. Jamani tuwekeeni habari za wanyama kila wiki, hata robo ukurasa, watoto wetu wanasoma.

Msomaji, Mtwara