Barua kwa mjomba wangu mwashi, kutoka kando ya mto Loire

Shikamoo mjomba,

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Wiki nzima juu ya baiskeli huko Ufaransa, umeona nini?" Nikakujibu nimeona majumba ya wafalme. Ukasema "haya", ukaulizia habari za watoto, nami nikajua jibu langu halikuwa na uzito. Sasa nakuandikia kwa nafasi. Barua naiweka hadharani kwa kuwa wapo wengine wenye wajomba waashi, na binamu atakusomea jioni ukishatoka msikitini.

Nimeona mawe, mjomba. Jiwe moja, tuseme, siku saba mfululizo, na kila nilipoliona nilitamani uwe pembeni yangu ulishike.

Wengi wanaoendesha baiskeli kando ya Loire huanzia juu, kwenye majumba yenye sifa, wakateremka na mto kuelekea bahari ya Atlantiki. Mimi nilishukia Angers kwa treni, baiskeli ikiwa behewani, nikaupanda mto kwenda mashariki. Sababu ni upepo. Huko upepo mwingi hutoka magharibi, baharini, ukakusukuma mgongoni kutwa nzima. Kabla ya reli, mabaharia wa mto huu waliutegemea upepo huohuo. Mashua zao zilikuwa bapa chini, kwa kuwa Loire haina kina na imejaa mafungu ya mchanga, na tanga lao lilikuwa moja la mraba. Walipanda mto kwa upepo, wakarudi kwa maji. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka manahodha wetu wanaokaa wakisubiri kaskazi iishe na kusi iingie.

Njia yenyewe ni tulivu mno. Mara nyingi unapita juu ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko, mto upande mmoja, mashamba na mizabibu upande wa pili. Yapo matuta ambayo Henry II, mfalme wa Uingereza aliyetawala pia nchi hii ya Anjou, aliyashughulikia tangu karne ya 12. Asubuhi nilikuwa nasikia mnyororo wa baiskeli na ndege wa mtoni, basi. Unakumbuka ulivyonifundisha kwenye Phoenix yako, ufukweni Pangani, maji yamekupwa na mchanga umeshikana? Ulikuwa umeishika keria kwa nyuma, mimi nimepitisha mguu chini ya bomba la katikati kwa kuwa siti sikuifikia. Kwenye lile tuta nilijisikia umeishika keria tena.

Sasa jiwe. Wenyewe wanaliita tuffeau. Ni jeupe, lenye umanjano kidogo jua likizama. Ngome ya Angers, yenye minara 17, imejengwa kwa mawe meusi, halafu jiwe hili jeupe likapitishwa katikati kama mikanda kwenye kanzu. Ukitoka hapo kwenda mashariki weusi unapungua, na baada ya kilomita kadhaa kila kitu ni cheupe: kanisa, zizi la ng'ombe, ukuta wa makaburi. Lilitokana na tope la bahari ya kale, miaka ipatayo milioni 90 iliyopita. Kwa hiyo nalo lilizaliwa baharini, kama matumbawe yetu. Na tabia yake, mjomba, ndiyo iliyonifanya nisimamishe baiskeli nikacheka peke yangu kwa furaha. Likitolewa ardhini huwa na maji ndani, laini, unalikata kwa msumeno. Likishakaa hewani, maji yakatoka, linajitengenezea ngozi ngumu. Si ndivyo ulivyonieleza kuhusu matumbawe yanayotolewa chini ya maji? Kwamba yachongwe mapema kabla hayajakauka, na kwamba ndiyo maana mihirabu ya zamani ina nakshi nyembamba namna ile? Nilikuwa na miaka tisa uliponiambia.

Kwenye kanisa la Cunault kuna vichwa vya nguzo 223 vilivyochongwa, vingine viko juu mno hata huwezi kuviona sawasawa. Mwashi wa karne ya 12 alijua hakuna atakayeviona, akavichonga vilevile.

Baada ya Saumur, kwenye kijiji cha Souzay, njia ya baiskeli inaingia ndani ya mwamba. Nilidhani nimepotea. Unaendesha chini ya jabali, milango na madirisha kulia na kushoto yamechongwa mwambani, na ubaridi unakupiga usoni, maana humo joto hukaa kwenye nyuzi 12 au 13 mwaka mzima. Hayo ni mashimo ya machimbo. Jiwe lilipotoka kwenda kujenga makanisa na majumba, pango lililobaki likawa nyumba ya watu. Mengine wanaoteshea uyoga, mengine wanahifadhia mvinyo. Ukipanda kilimani juu yake unakuta mabomba ya moshi yamechomoza katikati ya mizabibu. Mtalii wa basi anashushwa getini kwa mfalme, anapiga picha, anaondoka. Shimo lililotoa nyumba ile halioni, wala hajui kwamba aliyechimba aliishi humohumo shimoni.

Kilomita chache mbele nilipata pancha. Ilikuwa Jumapili, kila duka limefungwa. Nikageuza baiskeli kichwa chini kwenye kivuli cha ukuta, natafuta tundu kwenye tyubu kwa mate. Ng'ambo ya ukuta alikuwapo mzee anatengeneza nyumba yake. Alinipa ndoo ya maji, tundu likaonekana, kisha akanionyesha kazi yake. Alikuwa anabandua saruji. Taratibu, kwa patasi, kama mtu anayetoa bandeji kwenye kidonda. Akaniambia kwamba kuna aliyempigia lipu ya saruji miaka ya nyuma, unyevu ukakosa pa kutokea, jiwe likaanza kumung'unyuka kwa ndani. Anarudishia chokaa. Mjomba, nilisimama pale machozi yananilenga. Maneno yaleyale. Mara ngapi umewaambia wenye nyumba za kale pale mjini, na mara ngapi wamekuona mzee asiyetaka maendeleo? Ukuta wa matumbawe na chokaa unataka kupumua. Ukiuvika saruji umeuziba pua. Nilimweleza yule mzee kuhusu wewe, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, na jinsi chokaa yetu inavyochomwa kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo. Aliniuliza moto unakaa muda gani. Sikujua nimjibu nini. Nijibu wewe, nina anwani yake.

Jiwe hili halikubaki hapa, na hili siwezi kulipita kimya. Mashua ziliteremka nalo mpaka Nantes, bandari iliyotuma meli nyingi zaidi za biashara ya watumwa kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Nilipitia huko kabla ya kupanda treni ya Angers. Nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 18 zimejengwa kwa tuffeau, na juu ya madirisha zimechongwa nyuso, nyingine za Waafrika. Chini ya gati kuna kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2012, na majina ya zile meli yamewekwa ardhini, mtu unayakanyaga ukitembea. Biashara ya Wafaransa ilifika hata kwetu: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo nilipokuwa nasifu ulaini wa jiwe, sura zile za Nantes zilikuwa nami. Mwashi mzuri anaweza kupewa kazi na mtu yeyote.

Nilipanda kilima kwenda Fontevraud, kupanda kwenyewe si mchezo ukiwa na mizigo kwenye keria. Ni abasia, yaani makao ya watawa wa Kikristo, iliyoanzishwa mwaka 1101, na ajabu yake ni kwamba humo watawa wanawake na wanaume wote walikuwa chini ya mkuu mwanamke, kwa karne nyingi hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Baadaye Napoleon akaigeuza jela, ikabaki jela mpaka mwaka 1963. Ndani ya kanisa, lililo tupu na jeupe kama ganda la yai, amelala yule Henry II wa matuta, na mkewe Eleanor, na mwanao Richard, sanamu zao zimechongwa kwa tuffeau. Eleanor ameshika kitabu kilichofunguka, anasoma. Miaka zaidi ya 800 mama huyu anasoma, na mume yuko pembeni kafumba macho. Nilikaa mbele yake saa nzima.

Villandry, Tours, Amboise nilizipita bila kukawia, ingawa Amboise nilisimama mahali alipofia Leonardo da Vinci tarehe 2 Mei 1519. Mwaka huohuo ndipo Mfalme Francis I alipoanza kujenga jumba lake la Chambord, na huko ndiko nilikomaliza.

Sikuingia Chambord kwa barabara kuu. Nilipitia Saint-Dyé, kijiji kidogo chenye gati la mawe mtoni. Hapo ndipo mashua zilipokuwa zinashusha shehena ya ujenzi, kisha mikokoteni ikaivuta kwenda kwenye msitu. Nami nikaifuata njia ya shehena. Ukitokeza kwenye miti unaliona: minara, mabomba ya moshi, jumba lenye vyumba zaidi ya 400, limezungukwa na msitu wenye ukuta wa kilomita 32. Mfalme alikaa humo siku 72 tu katika utawala wa miaka 32. Kwenye minara wamepachika vipande vya jiwe jeusi la kuezekea mapaa, vya duara na vya pembe, kuiga marumaru ya Italia. Katikati kuna ngazi mbili zinazojizungusha pamoja. Anayepanda na anayeshuka wanaonana kupitia matundu ila hawakutani. Niliipanda na kuishuka mara nne. Ukutani kuna maandishi ya watu waliopita zamani, wamekwaruza kwa visu, maana jiwe ni laini.

Yule mzee wa pancha alinipa kipande kilichobaki kwenye msumeno wake, kinatosha kiganjani. Nimekifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku. Nitafika Pangani Desemba, kaskazi ikianza. Lile bonge la matumbawe la barazani lisiondolewe, nataka uviweke pamoja, uvikwaruze kwa kisu chako, uniambie kipi kigumu.

Nisalimie shangazi. Marahaba nitaisikia mwenyewe nikifika.