Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu na ada atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja tulilohangaika nalo mwaka mzima, sisi wa karakana na wenzetu wa dagaa: kuzalisha bila upotevu.

Mnakumbuka mlivyocheka mlipoambiwa Wajapani huita upotevu “muda”. Cheka ucheke, lakini katika karakana nilizozipitia Nyakato, muda ndio unaomwagika kuliko mbao. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya magari ya Toyota, alitaja aina saba za upotevu, na uliomkera zaidi ni kutengeneza zaidi ya kinachohitajika. Mimi mwenyewe nilikuwa na fremu za milango zisizo na mwenyewe tangu masika, huku nikilia sina mtaji. Mtaji ulikuwa umeegemea ukuta.

Ndiyo maana kamati iliahirisha maombi ya mikopo ya mashine. Najua wapo walionuna. Ila tulipokaa kutwa kwa mwanachama mmoja tukiwa na saa mkononi, randa ya umeme ilinguruma kidogo tu. Saa nyingine zote zilikwenda kutafuta patasi, kumsubiri bodaboda wa gundi, na kufungua bawaba zilizofungwa kombo. Mashine ya pili ingesubiri gundi ileile.

Zile S tano za kuweka sawa sehemu ya kazi, yaani sasambua (ondoa usichohitaji), seti (panga kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja) na shikilia, tulizianza kwa kishindo tukaishia ya tatu. Kufagia tunajua.

Kwa wenzetu wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nakiri kamati ilikosea. Tuliwashauri wasirundike mzigo ghalani, kama tulivyofundishwa. Mbalamwezi ikatoka, mitumbwi ikalala, wateja wakaja wakakuta magunia matupu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi haujui oda ya mtu. Akiba ya siku zile si upotevu, ni biashara yenyewe. Walichookoa kweli ni kwenye kuanika: waliotoka mchangani wakapanda kwenye vichanja hawamlipi tena kibarua wa kupepeta, wala mnunuzi hawapunji bei kwa kisingizio cha mchanga.

Mwaka ujao naomba kila mmoja apime kitu kimoja tu: siku ngapi hupita tangu mteja atoe advansi hadi achukue mzigo wake. Za kwangu nitazibandika mlangoni, hata zikiwa za aibu.