Ngiri haizibwi na mizizi

Ndugu mhariri, naomba nafasi niseme hili la ngiri maana limeniuma sana. Ba'mdogo wangu ni mbeba magunia sokoni, alivimba kinenani miaka 3, uvimbe kama limao, akilala unarudi ndani akikohoa unatoka, na yeye alikuwa anakunywa mizizi tu kwa sababu aliona aibu kuvua suruali mbele ya daktari. Jamani, ukuta wa tumbo ni tabaka za misuli, na pale kinenani kuna njia ambayo korodani zilipita kushuka kabla mtoto hajazaliwa, ndo hapo pana udhaifu, utumbo ukisukumwa unapenya. Sasa mizizi itaziba vipi tundu? Dawa yake oparesheni, mara nyingi wanaweka na wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo pale penye tundu, na Uganda kuna utafiti ulitoka 2016, wavu wa bei rahisi wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa, ulifanya kazi sawa na ule wa gharama. Uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu, unauma na mgonjwa anatapika, ni hospitali saa hiyohiyo, utumbo unaweza kuoza. Ba'mdogo tulimfikisha saa 9 usiku, wakakata kipande cha utumbo. Mhariri, tuwekeeni hili kwenye ukurasa wa afya, wazee wanasoma gazeti lenu vijiweni kila asubuhi.

Msomaji wenu, Morogoro