Nusu siku haitoshi kuijua Orvieto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili nipinge, kwa heshima zote, ushauri uliotolewa katika makala ya safari ya gazeti lako kwamba mtu anayekwenda Italia peke yake abaki katika miji mikubwa ya Roma, Florence na Venice, na kwamba miji ya kale iliyo juu ya vilima ni ya kupitia kwa nusu siku tu, kwa kuwa mgeni asiye na mwenzi wala gari hatapata la kufanya huko jua likishazama. Mwandishi alitoa mfano wa Orvieto, mji wa mkoa wa Umbria. Nimefika Orvieto peke yangu na nikalala huko, na nasema bila kusita kwamba hakuna mfano unaomsaliti mwandishi huyo kuliko huo.

Suala la gari ni jepesi. Treni za njia ya zamani kati ya Roma na Florence husimama bondeni, chini ya mji, na safari ya kutoka Roma huchukua saa moja na ushei. Mbele ya kituo kuna funikula, yaani behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kwenye reli ya mteremko, ambalo humfikisha abiria juu ya jabali kwa dakika chache. Ilianza kazi mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji, ikafungwa mwaka 1970, na ikarudishwa mwaka 1990 ikitumia umeme. Mwenye taabu Orvieto ni yule aliyekuja na gari, maana baadhi ya sehemu za mji wa kale zimefungwa kwa magari yasiyo na kibali, na asiyejua hilo hupelekewa faini hadi kwao.

Suala la muda ni zito zaidi, na hapo ndipo makala ile ilipokosea sana. Orvieto imekaa juu ya jabali la tufo, mwamba laini uliotokana na majivu ya volkano, na kwa kuwa mwamba huo unachimbika kwa urahisi, kila kizazi tangu enzi za Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya Warumi, kimechimba chini ya nyumba zake. Mapango na mahandaki yaliyohesabiwa ni zaidi ya 1,000: maghala ya mvinyo, vinu vya kukamulia zeituni, visima, na vyumba ambavyo kuta zake zimetobolewa vishimo vya mraba walimofugwa njiwa wa kitoweo. Sehemu iliyo wazi kwa wageni huingiwa kwa saa maalumu pamoja na kiongozi, na aliye peke yake huunganishwa na wengine bila tatizo lolote. Kwa hiyo mgeni ana miji miwili ya kutembelea, mmoja juu na mwingine chini, na nusu siku haiutoshi hata ule wa juu.

Wataalamu wengi wanakubali kwamba hapa ndipo palipokuwa Velzna, mji mkubwa wa Waetruski ambao Warumi waliuita Volsinii, wakauteka na kuubomoa mwaka 264 kabla ya Kristo, na kuwahamishia watu wake kando ya ziwa Bolsena. Chini ya jabali, upande wa kaskazini, yapo makaburi ya Crocifisso del Tufo, mengi yakiwa ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Yamepangwa katika vichochoro vilivyonyooka, mlango kwa mlango, na juu ya milango mingi limechongwa jina la mwenye kaburi kwa herufi zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu anayefuatilia herufi hizo moja moja anahitaji kusimama mahali pamoja kwa muda ambao kundi la watalii lenye ratiba haliwezi kumpa, na mimi sikuwa na mtu wa kunihimiza.

Kisha kuna kisima cha Mtakatifu Patrisi. Papa Klementi VII alikimbilia Orvieto baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527, na kwa kuhofia kwamba mji ungezingirwa ukafa kiu, alimwagiza msanifu Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima kirefu ndani ya jabali. Kazi ilikamilika mwaka 1537, Papa huyo akiwa ameshafariki. Kisima kina kina cha zaidi ya mita 50, na kukizunguka zimejengwa ngazi mbili zinazojipinda, kila moja ikiwa na vidato 248, zisizokutana isipokuwa kwenye daraja dogo lililo juu ya maji. Nyumbu waliteremka kwa ngazi moja kuchota maji na kupanda kwa nyingine, na hata siku moja njia haikuzibwa na anayekwenda kugongana na anayerudi. Madirisha 70 yanayotazama ndani ya shimo huleta mwanga kutoka juu. Sijaona jengo lingine linaloeleza hofu na akili ya wakati wake kwa uwazi kama hili, na nashauri kila anayeweza kupanda ngazi ateremke mpaka chini.

Kuhusu kanisa kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1290, nina hoja moja tu. Uso wake uliobuniwa na Lorenzo Maitani, wenye michoro ya vijiwe vya rangi na dhahabu, hupigwa na jua kuanzia alasiri. Anayefika asubuhi na kuondoka mchana hulikuta kanisa likiwa kivulini, na hulikosa katika saa ambayo uso wake hung'aa. Ndani, katika kikanisa cha San Brizio, kuna michoro ya Siku ya Mwisho iliyoanzwa na Fra Angelico mwaka 1447 na kumaliziwa na Luca Signorelli miaka zaidi ya 50 baadaye, ambamo wafu wanajitoa ardhini kwa mikono yao, wengine wakiwa bado mifupa mitupu. Hii nayo haitazamwi kwa haraka.

Makala iliuliza mwanamke aliye peke yake atafanya nini huko usiku. Mimi ni mwanamke, na najua swali hilo halitoki hewani. Nililokuta ni mji ambao jioni wenyeji wote, wazee kwa watoto, hutoka kutembea polepole kwenye barabara ya Corso Cavour, wakisimama kusalimiana, na mgeni akitembea katikati yao hakuna anayemshangaa. Tahadhari za kawaida zinabaki palepale. Ni kweli pia kwamba chumba cha mtu mmoja hakipungui bei sana kuliko cha wawili, kwamba maduka mengi hufungwa mchana, na kwamba mikahawa mingi haipiki chakula cha jioni kabla ya saa moja. Haya ni mambo ya kumwambia msafiri mapema ili ajipange, na makala haikuyagusa.

Desturi ya nusu siku ina gharama, na wanaoilipa ni wenyeji. Karibu na Orvieto, upande wa mkoa wa Lazio, kuna Civita di Bagnoregio, kijiji kilicho juu ya jabali linalomeguka, kinachofikiwa kwa daraja la miguu tu. Wakazi wake wa kudumu ni wachache mno, huku wageni wa kutwa wakiwa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2013 anayeingia hutozwa kiingilio. Jabali la Orvieto nalo limewahi kuporomoka pembeni, na mwaka 1978 serikali ya Italia ilipitisha sheria maalumu ya kugharimia uimarishaji wake. Miji hii inatunzwa kwa fedha nyingi ili watu waendelee kuishi ndani yake, na mgeni anayelala, akala na kununua kwa wenyeji, husaidia kazi hiyo kuliko anayepiga picha na kurudi kwenye basi.

Namwomba mwandishi wa makala ile, atakapopita tena njia hiyo, ashuke Orvieto kwa treni ya mchana, asiondoke mpaka kesho yake, kisha auandike upya ukurasa huo, akiweka namna ya kufika, saa za kufungua na bei za vyumba, ili wasomaji wanaosafiri peke yao waamue wenyewe.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi