Barua ya Malalamiko: Simu Inayojipanga Upya Bila Idhini Yangu

Mweka Hazina,
Chama cha Wanawake Wauza Samaki,
Dunga, Kisumu.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: MABADILIKO YA SKRINI NA USALAMA WA SIMU

Simu ninayoilalamikia niliinunua katika duka lenu mjini Kisumu miezi saba iliyopita. Ndiyo ninayoitumia kupokea na kutuma michango ya chama chetu, kwa hivyo hitilafu yake haiishii kwangu.

Tangu iliposasishwa mwezi uliopita, simu hii hufuatilia mazoea yangu na kupanga aikoni upya kulingana na saa na programu nilizozitumia. Muuzaji wenu alinieleza kwamba huo ni msaada. Alfajiri, mashua zinapofika ufuoni, huwalipa wavuvi nikiwa nimesimama, mkono mmoja ukiwa na simu na mwingine umeshika karai, na kidole changu kilikuwa kimezoea kwamba programu ya pesa iko kona ya chini kushoto. Siku moja kidole kilipofika pale, kilifungua programu ya mikopo ambayo simu iliona inanifaa. Nilipokuwa nikiitafuta ile ya pesa, mvuvi alimuuzia mwingine mbuta wake wote, wala simlaumu.

Linaloniudhi zaidi ni usalama. Kwa miaka mingi nimewahimiza wanachama wetu, ambao baadhi yao wamewahi kulaghaiwa, kwamba wakiona skrini imebadilika ghafla au inawaomba namba ya siri mahali wasipopazoea, waache mara moja na kuuliza kwanza. Onyo hilo lilikuwa na maana kwa sababu simu haikuwa ikibadilika. Sasa inabadilika yenyewe kila asubuhi, na mama aliyezoeshwa kukubali sura mpya kila siku ataitambuaje ile iliyotengenezwa na mwizi?

Kisha kuna kufungua simu kwa alama za kidole. Kihisi husoma mistari midogo ya ngozi, na yangu, baada ya kupaa ngege tangu macheo, huwa imelowa na kukwaruzwa na magamba na miiba. Kidole kikikataliwa mara tano, simu hunisubirisha nusu dakika au kunidai namba ya siri. Kudaiwa namba sikupingi, kwa maana hata simu inapozimwa na kuwashwa upya, kidole pekee hakitoshi. Ninalolipinga ni kwamba tangu sasisho lile, tarakimu za kuandikia namba hiyo nazo huchanganywa kila mara. Najua nia ni kumzuia anayechungulia nyuma ya bega au anayefuata alama za vidole kwenye kioo, na huenda wako wanaoihitaji kinga hiyo; lakini ingefaa nichague mimi mwenyewe, si kuikuta imewashwa huku watu wamenizunguka wakidai malipo.

Naomba mnielekeze namna ya kuzima upangaji huo wa aikoni, na mhakikishe kwamba sasisho lijalo halitauwasha tena bila kuniuliza. Tena, kwa kuwa simu haiwezi kujua ninafungua nini saa kumi na moja alfajiri bila kuweka kumbukumbu, naomba kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 mnieleze, kwa Kiswahili ninachoweza kuwasomea wenzangu, ni taarifa gani zangu zinazohifadhiwa, zinatumika kwa kazi gani, na kama zinabaki ndani ya simu au zinapelekwa kwingine.

Ikiwa upangaji huo hauzimiki, nirudishieni fedha zangu; risiti ninayo. Nasubiri jibu la maandishi katika muda wa siku 14, la sivyo nitayafikisha malalamiko haya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wenu mwaminifu,
Mweka Hazina.