YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YA KUITANGAZA GEMU YETU KWENYE DUKA LA STEAM

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tulikubaliana kwenye mkataba kuwa mtaifanya gemu yetu ya bao ionekane zaidi kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na kuifikisha kwenye daraja la "nzuri sana". Malipo mmeshapokea yote. Mliyoyafanya hayakusaidia, na mengine yametuharibia.

Tuanze na maoni ya wachezaji, maana ndiyo mliyotutoza zaidi. Mliomba misimbo ya bure ya kufungulia gemu, mkaigawa kwa watu wenu, nao wakaandika sifa. Tangu Septemba 2016 Steam haiyaingizi kwenye alama ya gemu maoni ya mtu aliyetumia msimbo badala ya kununua dukani. Maoni hayo yanasomeka kwenye ukurasa, lakini asilimia ya maoni mazuri haiguswi. Alama yenyewe haitokei mpaka yafike maoni 10 ya wanunuzi, na "nzuri sana" inataka angalau 50, huku 80 kwa mia au zaidi yakiwa mazuri. Kampuni inayouza huduma hii haiwezi kusema haikujua.

Linalotutia hofu zaidi ni ujumbe mliowatumia waliopewa misimbo, ambao mmoja wao ametuletea: "Ukiweka dole juu, unapata msimbo wa gemu nyingine." Huko ni kununua maoni, na Valve, wenye Steam, wamekataza. Februari 2018 walivunja biashara na Insel Games na kuziondoa gemu zake dukani, baada ya kubainika kuwa bosi wake aliwashinikiza wafanyakazi wainunue gemu ya kampuni na kuiandikia maoni. Ikitokea kwetu, akaunti itakayofungwa ni yetu, si yenu.

Kwenye lebo, yaani maneno yanayotaja aina ya gemu, mlitanguliza "mapambano" na "matukio", kwa hoja kwamba zinatafutwa na wengi. Zinatafutwa na wengi, ndiyo, na zimejaa gemu nyingine pia. Bao ni gemu ya kufikiri, ya zamu kwa zamu, ya ubaoni. Lebo hizo ndizo zilizostahili kukaa mbele, kwa kuwa Steam huzitumia kuamua gemu yetu ipendekezwe jirani na zipi. Mtu aliyekuja kutafuta ngumi akakuta kete na mashimo ana haki ya kurudishiwa pesa, mradi siku 14 hazijapita tangu anunue na hajacheza hadi saa 2. Wengine hawaombi hata pesa. Wanaweka dole chini tu. Hao walinunua, kwa hiyo wao wanahesabiwa.

Halafu punguzo. Mliweka asilimia 15. Steam huwatumia barua pepe walioiweka gemu kwenye orodha ya matakwa pale tu punguzo linapofika asilimia 20 au zaidi. Kwa asilimia 5 mlizotubania, watu waliokuwa wakiisubiri gemu ishuke bei hawakuambiwa chochote, na punguzo jingine lilibidi lisubiri siku 30.

Picha ya jalada mmeipamba kwa nyota tano na maneno ya sifa. Tangu tarehe 1 Septemba 2022 haviruhusiwi: pawe na mchoro na jina la gemu, basi. Picha isiyofuata kanuni inaweza kuinyima gemu nafasi kwenye matamasha rasmi ya mauzo. Isitoshe, jina mmeliandika kwa herufi nyembamba. Kwenye orodha picha ikipunguzwa hadi pikseli 120 kwa 45, "BAO" inaonekana kama mkwaruzo.

Kuna pia zile awamu tano za kuonyeshwa upya, ambazo kila gemu hupewa ili iambatanishe na sasisho kubwa. Mmetumia mbili kwa marekebisho ya tahajia. Tahajia!

Ripoti yenu imejaa idadi ya waliotazama video, wala haionyeshi wangapi walifika kwenye ukurasa wetu. Steamworks, sehemu ya Steam ya watengenezaji kusimamia gemu zao, ina takwimu za UTM, zinazoonyesha wageni wametoka linki ipi, kwa kazi hiyohiyo. Ilitosha kuongeza vigezo vya UTM mwishoni mwa kila linki.

Tunadai mrudishe fedha zote za kipengele cha maoni na nusu ya ada ya matangazo. Mtupe orodha kamili ya misimbo, iliyotumika na iliyobaki, ili tuombe iliyobaki ifungiwe. Waliopewa misimbo kwa sharti la kusifia waambiwe wafute maoni yao. Picha ya jalada mtuachie faili asilia lenye tabaka zake, tutairekebisha wenyewe. Ruhusa zenu kwenye akaunti yetu ya Steamworks tumeshaziondoa, hivyo msijaribu kuingia.

Tunasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo suala litakuwa mikononi mwa wakili.

Wenu,
Idara ya Mauzo, kwa niaba ya watengenezaji

Viambatisho: nakala ya mkataba, risiti za malipo, picha za ujumbe uliotajwa, ripoti yenu ya mwisho.