Msisome "hali ya hatari" mkadhani mpaka umefungwa

Kwa Mhariri,

Habari kwamba Rais wa Marekani ameongeza muda wa "hali ya hatari" juu ya Congo huja kila Oktoba. Ikiandikwa hivyo, bila maelezo, mwenye lori wa Kisumu hukumbuka Hali ya Hatari yetu ya 1952, kafyu na kipande, akaanza kuuliza kama Kasindi, mpakani mwa Uganda na Congo, kunapitika. Hiyo ya Marekani haina kafyu wala kizuizi barabarani. Ni vikwazo vya fedha, na ingefaa gazeti liviite hivyo.

Chanzo chake ni amri nambari 13413 ambayo George W. Bush alitia saini tarehe 27 Oktoba 2006, na Obama akaipanua Julai 2014. Inaipa serikali ya Marekani uwezo wa kuzuia mali ya watu wanaohusishwa na vita vya Congo. Sheria yao ya 1976 inasema hali ya aina hii hufa yenyewe mwaka unapotimia, ila rais akichapisha ilani na kuipeleka Congress, bunge lao, ndani ya siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Kwa hiyo ilani ya Oktoba haiongezi jina la mtu yeyote. Kazi yake ni kuizuia amri isife. Ile ya Burundi ya Novemba 2015 ilifutwa na Biden Novemba 2021. Ya Iran ingali hai tangu Novemba 1979. (Kwetu, kifungu cha 58 cha Katiba kinaipa hali ya hatari siku 14 tu, na kuiongeza mara ya kwanza kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote. Kule sahihi moja yatosha.)

Msiichanganye pia na ile ambayo Congo yenyewe iliitangaza Mei 2021 katika Ituri na Kivu Kaskazini, iliyoleta magavana wanajeshi. Hiyo ndiyo yenye kumhusu dereva.

Kwa mfanyabiashara, siku za kuangalia ni zile majina yanapoongezwa. Alliance Fleuve Congo, muungano wa waasi uliozinduliwa Nairobi Desemba 2023, uliingizwa kwenye orodha ya Marekani ya waliowekewa vikwazo tarehe 25 Julai 2024. James Kabarebe, waziri wa Rwanda, na Lawrence Kanyuka, msemaji wa kundi la waasi la M23, waliingizwa 20 Februari 2025, pamoja na kampuni mbili za Kanyuka zilizosajiliwa Uingereza na Ufaransa. Aliyengoja Oktoba alichelewa.

Orodha hutafutwa bure kwenye tovuti ya OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Wengi huteleza kwenye kile kipimo cha ulinganifu wa jina. Huanzia 100, na hapo herufi moja ikitofautiana hupati kitu. Mteja wa Butembo, mji wa Kivu Kaskazini, anaweza kuwa na jina la ukoo mwanzoni kwenye pasipoti na mwishoni kwenye ankara, au "ou" ya Kifaransa mahali pa "u". Kiteremsheni hadi 80, kisha mlinganishe tarehe ya kuzaliwa na nambari ya pasipoti kabla ya kumkataa mtu. Majina kufanana si kosa la mteja.

Kampuni nayo yaweza kuzuiliwa bila jina lake kuwamo. Kanuni ni asilimia 50 ya umiliki, na hisa za walioorodheshwa hujumlishwa: mmoja akiwa na 30 na mwingine 20, kampuni imekwisha kuzuiliwa. Wakifika 49 haijanaswa na kanuni hiyo, ingawa benki itauliza maswali. Cheti cha usajili, kile Wakongo wanakiita RCCM, msikitegemee peke yake. Ombeni na katiba ya kampuni inayotaja wenye hisa.

Halafu pesa. Dola zinazotumwa kutoka Butembo hadi benki ya Kisumu kwa kawaida hupitia benki ya New York. Zikikataliwa hurudi kwa mtumaji. Zikizuiliwa hazirudi: huwekwa kule kwenye akaunti ya peke yake yenye riba, benki huripoti OFAC ndani ya siku 10 za kazi, na hazitoki bila leseni ya OFAC. Meneja wa tawi hapa hana ufunguo wa akaunti hiyo, hata akipigiwa simu mara 20. Wakati huo saruji au mafuta ya kupikia yamekwisha vuka mpaka wa Malaba. Ndiyo maana ukaguzi hufanywa kabla ya lori kupakiwa.

Wapo wanaosema watalipana kwa shilingi. Shilingi haipiti New York, ni kweli, lakini Umoja wa Mataifa una orodha yake ya Congo, inayosimamiwa na kamati iliyoundwa kwa azimio 1533 la 2004. Hiyo inaibana Kenya moja kwa moja, na haijali sarafu.

Matokeo ya utafutaji yachapwe yakiwa na tarehe, yabanwe pamoja na ankara, na jina litafutwe upya kila malipo mapya yanapoingia.

Mawakala wa forodha,
Kisumu